Karani Aliyeandika Baada ya Saa za Kazi

Nina rafiki yangu, karani wa mahakama, ambaye miaka ya nyuma wiki haikupita bila shairi jipya kutoka kwake. Siku hizi kimya. Juzi nilimuuliza, "Kaka, vipi, kalamu imekauka?" Akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka, akasema: "Mashairi yanataka muda, ndugu yangu. Kina Shaaban Robert walikuwa na muda. Sisi tunaamka saa kumi na moja alfajiri kugombania daladala."

Sikumjibu pale pale. Lakini maneno yale yalinikaa kichwani, maana si yake peke yake. Nimeyasikia mara nyingi, na tuseme ukweli, hata mimi nimewahi kuyasema. Tumejichorea picha ya mshairi wa zamani ameketi chini ya mwembe, upepo wa bahari unavuma, maneno yanamjia yenyewe kama ndege wanaorudi kiotani. Sisi wa leo tuna foleni, bosi na bando linaloisha kabla ya mwezi.

Basi hebu tumchukue huyo huyo Shaaban Robert tumtazame vizuri. Tumwache yule wa kwenye jalada la kitabu cha shule, tumtafute yule aliyekuwa anakwenda kazini asubuhi.

Shaaban alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, na katika mtihani wa mwisho akawa wa pili kati ya watahiniwa 11. Kumi na mmoja tu, lakini kwa Mwafrika wa Tanganyika ya wakati ule cheti kile kilikuwa mlango wa ofisi ya serikali. Mwaka huo huo wa 1926 akaajiriwa karani katika idara ya forodha, akaanzia Pangani. Alikaa forodhani hadi mwaka 1944. Kisha akahamishiwa Mpwapwa, katika idara ya mifugo. Mwaka 1946 akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 akawa katika ofisi ya upimaji ardhi. Alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53.

Hesabu mwenyewe. Ni zaidi ya miaka 30 ya ukarani, miaka ya kunakili hati za watu wengine, kupanga mafaili, kusubiri uhamisho na kufungasha mizigo ya nyumba nzima kuhamia mji usioujua. Mtu huyu ndiye aliyetuachia vitabu zaidi ya 20: mashairi, tenzi, riwaya, insha, wasifu wa Siti binti Saad, na wasifu wake mwenyewe. Hakuna mwaka aliolipwa mshahara wa kuwa mshairi. Alipokuwa Pangani akihesabu ushuru wa bidhaa, ushairi ulikuwa kitu cha jioni, cha Jumapili na cha likizo.

Na nyumbani nako hakukuwa na utulivu wa mwembe. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki akamwachia watoto wadogo. Katika Maisha Yangu anasimulia msiba ule, na ndani ya kitabu hicho hicho ameweka tenzi mbili za malezi: Utenzi wa Hati alioutunga kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Shuleni tulizisoma tenzi hizo kama mafundisho ya tabia njema kwa taifa zima. Ukizirudisha mahali zilipotoka, unamwona baba aliyefiwa, karani wa mshahara mdogo, anatafuta namna ya kuwaachia wanawe kitu ambacho mwajiri hawezi kukikata mwisho wa mwezi.

Sasa tuje kwenye hesabu ya pili, maana hii ndiyo iliyonishangaza zaidi. Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaohusu vita vya mwaka 1939 hadi 1945, una beti zipatazo 3,000. Ukiusikia hivyo unaogopa: nani ana muda wa beti 3,000? Lakini vita vile vilidumu miaka sita, kama siku 2,190. Gawa. Unapata ubeti mmoja na kitu kwa siku. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane, jumla mizani 32. Hata ukiongeza hicho kitu, hufiki mizani 50 kwa siku. Simaanishi kwamba Shaaban alikaa kila jioni akatoa ubeti mmoja na kitu kama anayepima unga. Ninachosema ni kwamba kazi inayoonekana mlima kutoka mbali, ukiisogelea unakuta ni vijiwe vidogo vidogo, na kila kimoja kinabebeka na mtu aliyetoka kazini amechoka.

Halafu kuna kusoma. Shule yake rasmi ilikwisha mwaka 1926, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1930 alijiendeleza kwa masomo ya posta, akiwa kazini. Na vitabu vyake vyenyewe vinashuhudia alivyokuwa anasoma. Anayezijua hadithi za Alfu Lela Ulela akifungua Adili na Nduguze ataitambua mara moja ile hadithi ya Abdallah bin Fadhil na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Mashairi ya Omar Khayyam, ya yule mshairi Mwajemi, yalimfikia kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, akayatia katika Kiswahili. Kusoma kwake kulikuwa kusoma kwa fundi: anakiangalia kitu kizuri cha mtu mwingine, anakigeuza juu chini, anajiuliza kimeungwa vipi, kisha anakwenda kuunga cha kwake kwa mbao za nyumbani.

Hata ofisi ilikuwa kitabu. Soma tena Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, ukikumbuka kwamba mwandishi wake ni karani wa serikali ya kikoloni. Hadithi nzima ni kesi. Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na taarifa za mambo ya kuiendeleza nchi, wakaambulia adhabu. Taarifa sita zilizotupwa! Mtu aliyewahi kukaa masijala na kuona mapendekezo mazuri yanakwenda kulala kwenye faili ataielewa Kusadikika upesi kuliko mhakiki yeyote. Ule ukarani tunaodhani ulimwibia Shaaban muda ulimpa nchi nzima ya kuandika.

Kwa hiyo hoja ya rafiki yangu kwamba wenzetu walikuwa na muda imeanguka. Lakini ningeishia hapo ningekuwa nimemwonea. Ningekuwa namwambia, "Shaaban aliweza, wewe mvivu tu," na hiyo si kweli. Nilipoendelea kuchimba niliona Shaaban alikuwa na kitu kingine ambacho rafiki yangu hana. Alikuwa na watu wa kumjibu.

Wa kwanza alikuwa nduguye. Kwa miaka 27, kuanzia 1931 hadi 1958, Shaaban alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Ulenge alizitunza, na baadaye zikachapishwa kitabu, Barua za Shaaban Robert. Fikiria maana yake. Katika uhamisho wote ule na misiba yote ile, kulikuwa na mtu mmoja mahali fulani ambaye barua ikifika ataisoma, ataiweka, na ataijibu. Kuna waandishi wengi wenye vipaji ambao hawajawahi kupata msomaji wa namna hiyo hata kwa mwaka mmoja.

Wa pili lilikuwa gazeti. Mambo Leo lilianza mwaka 1923 chini ya idara ya elimu ya serikali ya Tanganyika, likitoka kila mwezi. Wakoloni walikuwa na makusudi yao: kueneza habari zao na kusanifisha Kiswahili wanachokitaka. Lakini wasomaji waliligeuza kuwa baraza. Washairi wa Tanga, Ujiji, Dodoma na Dar es Salaam walipeleka mashairi, na Shaaban alikuwa mmoja wao. Shairi likitoka, halikuachwa hivi hivi. Mtu wa mji mwingine kabisa analisoma, hakubaliani nalo, anachukua bahari ile ile na vina vile vile, analijibu. Anayejibiwa naye hakubali kushindwa. Mwezi ujao anarudi. Kuna waliouliza mafumbo na waliofumbua, kuna waliokosoa mizani ya wenzao hadharani, bila haya. Mshairi aliyelegeza kina alijua kabla hata ya kutia bahasha stempu kwamba kuna mtu mahali fulani atamshika.

Leo tuna neno warsha. Tunakodi ukumbi, tunapewa kalamu na daftari lenye nembo ya mfadhili, tunakaa siku tatu, tunapiga picha ya pamoja. Sizidharau, nimehudhuria na nimefaidika. Ila tusiseme kwamba jambo lenyewe limekuja kwetu na wafadhili. Ukurasa wa mashairi wa gazeti ulikuwa warsha isiyofungwa, ya nchi nzima, na kiingilio chake kilikuwa stempu.

Na ukurasa ule nao haukuanzisha kitu. Ulirithi. Rudi nyuma hadi Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya 19, kwa Muyaka bin Haji. Naye hakuwa mtu wa kukaa tu, alikuwa mfanyabiashara. Wakati Mombasa ya Wamazrui ilipokuwa inavutana na Lamu, Muyaka alirusha mashairi kwenda Lamu, na Lamu ikarudisha yake. Mmoja wa waliokabiliana naye alikuwa Bwana Zahidi Mgumi. Shairi lilikuwa hoja ya siasa, kejeli na changamoto kwa pamoja, na anayelipokea alikuwa na deni la kulijibu.

Jambo la kutia simanzi ni kwamba baada ya Muyaka kufariki, takriban mwaka 1840, mashairi yake yalibaki zaidi vichwani mwa watu. Yaliyookoka yaliokolewa na mwalimu mmoja wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya kwa wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika kwa hati za Kiarabu. Mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor, alishirikiana naye, na karatasi zile zikaishia London. Mwaka 1940 William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka kupitia matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Matbaa hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuchapa Pambo la Lugha la Shaaban Robert. Malenga wa Mombasa na karani wa Tanga, wote wawili wakapita Afrika Kusini ndipo wakarudi nyumbani wakiwa vitabu.

Lakini uliza: kwa nini wazee wale waliyakumbuka, miongo kadhaa baada ya mwenyewe kuzikwa? Jibu langu ni kwamba shairi la kujibizana halikumbukwi na aliyelitunga peke yake. Analikumbuka aliyejibiwa, aliyekuwa upande wa huyu, aliyekuwa upande wa yule, na mtoto aliyekuwa amekaa kibarazani akisikiliza watu wazima wakibishana. Majibizano yalikuwa ndiyo maktaba.

Warsha hizi hazikuwa za haki kila mara. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili cha Afrika Mashariki ilikuwa na kauli juu ya miswada ya vitabu vya shule, na kwa miaka mingi ya mwanzo wajumbe wake walikuwa Wazungu. Yaani mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani ndiye anampitishia Kiswahili mtu aliyenyonya nacho. Baadaye Shaaban mwenyewe akawa mjumbe wa kamati hiyo. Huwa najiuliza alijisikiaje kukaa upande ule wa meza.

Angalia pia waliomfuata. Kaluta Amri Abedi wa Ujiji alikuwa mhubiri wa Kiislamu wa Jumuiya ya Ahmadiyya, kisha meya wa Dar es Salaam, kisha waziri. Mwaka 1954 alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu ambacho mpaka leo wanamapokeo na wanamabadiliko wanagombana juu yake. Sheria namna hiyo haziandikwi mahali pasipo na mabishano. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, Mkristo, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, alifanya kazi serikalini na mahakamani, huku akiongoza chama cha washairi, UKUTA, na kuikuza ngonjera, ushairi ambao watu wanasimama jukwaani na kujibizana. Saadan Kandoro alikuwa mwanasiasa wa TANU. Katika hao wote hakuna hata mmoja aliyeishi kwa kuuza mashairi. Wote walikuwa watu wa kazi nyingine, na wote walikuwa ndani ya mazungumzo.

Kuna mfano mmoja unaoweza kuonekana kunipinga, nao ni Abdilatif Abdalla. Yeye alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi cha kuihoji serikali ya Kenya kilichoitwa Kenya: Twendapi? Gerezani Kamiti muda alikuwa nao, tena wa kumwagika. Alichokosa ni karatasi na watu. Akaandika kwenye karatasi za chooni, zikatolewa nje kwa siri, na mwaka 1973 ikatoka Sauti ya Dhiki. Hakukuwa na gazeti wala baraza mle, upweke mtupu. Je, si huyo anathibitisha kwamba mshairi anaweza peke yake?

Nilidhani hivyo, mpaka niliposoma tena Mnazi: Vuta n'Kuvute. Shairi lile ni majibizano. Ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi, huyu anasema, yule anajibu, huyu anarudi tena. Mtu amefungiwa, hana wa kuongea naye, na anachotunga ni watu wawili wanaobishana. Amezaliwa Mombasa, katika ukoo wa washairi, na baraza lilikuwa limemwingia kiasi kwamba walipomnyima akalijenga kichwani. Kwangu huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote.

Basi nikamrudia rafiki yangu, angalau moyoni, nikaona nini hasa kilimkausha. Kile kipindi alichokuwa anaandika kila wiki, alikuwa anaweka mashairi yake kwenye kundi la simu la watu tuliosoma pamoja. Tulikuwa tunamjibuje? Vidole gumba. Moto mdogo mwekundu. "Hongera sana mshairi wetu." "Umetisha kaka." Mimi nilikuwa mmojawao. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ubeti wa tatu mizani imezidi, au kwamba hoja yake haina miguu. Tulimpongeza mpaka akanyamaza. Mzee wa Mambo Leo angemkosoa, angemkasirisha, na mwezi ujao jamaa angekuwa amerudi na beti kumi.

Wiki iliyopita nililitafuta shairi lake la mwisho, la miaka miwili iliyopita, linalosema mjini hakuna urafiki. Nikakaa nalo baada ya kazi, jioni mbili. Nikachukua bahari yake na vina vyake, nikaandika beti tano za kumpinga, na katika ubeti wa mwisho nikamtajia mshororo wake mmoja unaochechemea. Nikamtumia yeye peke yake, usiku, nikalala nikiwa na wasiwasi kidogo.

Alfajiri saa kumi na moja na nusu simu ikalia. Beti saba, na haikuwa salamu. Alikuwa ameziandika ndani ya daladala.